UZI: "Kwa muhtasari, mwenzangu anasema..." Je, kweli ndivyo alivyosema?

Wadau, leo tuongee kuhusu neno lisilokosa kwenye mdahalo wowote hapa Kenya: muhtasari. Mtu akianza na "kwa muhtasari, mpinzani wangu anasema hivi", mimi hukaa macho. Mara nyingi hapo ndipo maneno ya mtu hubadilishwa hadharani na sisi tunapiga makofi.

Tuanze na asili. Limetoka Kiarabu, mukhtasar, kitu kilichofupishwa. Ile kh ikalainika kwetu ikawa h, sawa na khabar ilivyogeuka habari. Mzizi huohuo una neno khasr, maana yake kiuno. Nalipenda hilo. Kiuno ni pale mwili unapokuwa mwembamba, lakini hakuna kiungo kilichokatwa.

Wanazuoni wa Kiislamu waliandika vitabu vizima vya aina hiyo. Al-Muzani, mwanafunzi wa Imam Shafii, aliandika Mukhtasar yake karne ya 9, na madhehebu ya Shafii ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu. Vitabu hivyo vilibanwa hivi kwamba wengine walilazimika kuandika vitabu virefu kuvifafanua. Kufupisha si kazi ya mchezo, jamani.

Kwenye Kiswahili neno limepata kazi kibao. Redioni, muhtasari wa habari ni yale unayosomewa kabla ya taarifa kamili. Majirani zetu Tanzania huita mpango wa mafunzo ya somo "muhtasari", na muhtasari wa kikao kwao ni zile sisi tunaita kumbukumbu za mkutano. Na kama ulifanya KCSE, unakumbuka ufupisho kwenye karatasi ya pili: unapewa makala, unapewa idadi ya maneno, na hupaswi kupotosha maana. Ukiongeza ya kwako, alama zinaenda.

Sasa kuna neno la pili, yaani. Nalo ni la Kiarabu, ya'ni, "inamaanisha". Hili halifupishi, linafasiri. Anayesema "yaani" anakupa maana anavyoiona yeye, na ana haki hiyo. Shida ni mtu anayefanya kazi ya yaani huku akikuambia ni muhtasari tu.

Mfano. Mgombea anasema, "Tupunguze safari za nje za maafisa wa kaunti hadi madeni ya wakandarasi yalipwe." Mwenzake anachukua kipaza sauti: "Kwa muhtasari, huyu hataki ugatuzi." Aaa! Hiyo si kufupisha. Angesema "yaani, mimi naona huyu hataki ugatuzi", tungemuuliza sababu zake. Akisema "kwa muhtasari", lawama yote inamwangukia mwenzake, na dakika mbili za kujibu anazimaliza akikana jambo ambalo hakulisema.

Lakini mfano mzito zaidi ni wa kura ya maamuzi ya 2010. Katiba ilikuwa na vifungu 264, na karatasi ya kura ikawa na rangi mbili: kijani ndio, nyekundu la. (2005 ilikuwa ndizi na chungwa. Katiba nzima ikawa tunda!) Sasa chukua kifungu cha 26(4). Kinasema utoaji mimba hauruhusiwi, isipokuwa mtaalamu wa afya aliyehitimu aone kwamba kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au kama sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu.

Upande mmja ukapita ukisema katiba inaruhusu utoaji mimba. Upande mwingine ukajibu kwamba katiba imeukataza. Kila mmoja alibeba nusu ya sentensi, na neno lililoangushwa na wote wawili ni lilelile: isipokuwa. Na hilo ndilo linalomhusu mama anayevuja damu hospitalini saa nane usiku, pamoja na mhudumu anayepaswa kuamua. Miaka imepita, katiba ni ileile, na bado hizo nusu mbili zinarushiana maneno humu mtandaoni kila msimu.

Kwa hivyo mimi nikitazama mdahalo natafuta maneno madogo. "Isipokuwa", "baadhi", "kwa sasa", "hadi". Yakitoweka kati ya alichosema wa kwanza na alichofupisha wa pili, najua kuna kitu kimekatwa. Pia namwangalia mwendeshaji. Mzuri humgeukia mwenye maneno na kumuuliza, "Amekunukuu sawasawa?" Wengi hukimbilia swali linalofuata kwa sababu ya muda, na ule muhtasari wa uongo ndio unakatwa klipu na kusambaa kesho yake.

Mwenye mfano wake auweke hapo chini, bila majina ya watu wala vyama. Tafadhali weka kwanza alichosema mtu, neno kwa neno, halafu ndio ulete muhtasari wako.