Kutafuta ufunguo ndani ya kamusi: jibu la kwanza halitoshi

Data nyingi zinazopita kati ya mifumo ya kompyuta siku hizi husafiri kwa muundo wa JSON, na zikipokewa na programu ya Python huwa kamusi, yaani jozi za funguo na thamani. Ugumu unaanza pale thamani nayo inapokuwa kamusi, yenye kamusi nyingine ndani yake, au orodha ya kamusi, bila kujulikana zinaishia wapi. Dawa inayofundishwa ni funksheni inayojiita yenyewe: inakagua funguo zilizo mbele yake, na kila ikikuta kamusi au orodha inajiita tena ili iikague hiyo nayo. Dawa hiyo ni nzuri, na mistari yake michache tu inatosha. Ninachokipinga ni mazoea ya kuiandika ili irudishe kitu kimoja, kile ilichokikuta kwanza. Nashikilia kwamba irudishe kila ilichokipata, pamoja na njia iliyopita kukifikia.

Ushahidi uko karibu nasi. Daraja, jukwaa la Safaricom la waandishi wa programu, hutuma taarifa kwa mfumo wa mfanyabiashara baada ya mteja kuombwa kwenye simu yake aidhinishe malipo ya M-Pesa. Ndani ya ufunguo wa taarifa hiyo uitwao Body mna stkCallback, na ndani ya hiyo mna ResultCode. Malipo yakifanikiwa, ResultCode ni 0. Mteja akighairi, ni 1032. Sasa, waandishi wengi huiambia funksheni yao: jibu lililotoka ndani likiwa na kitu, lirudishe, likiwa tupu, endelea. Kwa Python, 0 katika sharti la namna hiyo ni sawa na tupu. Kwa hiyo aliyeghairi ataonekana vizuri, na aliyelipa ataambiwa ufunguo haukupatikana. Ukirekebisha kwa kupima None, alama ya Python ya kukosekana kwa thamani, badala yake, umehamisha tatizo tu, maana null ya JSON hugeuka None, na hutajua kama ufunguo haupo au upo bila thamani. Funksheni inayorudisha orodha ya yote haina utata huo: orodha tupu maana yake hakuna, na orodha yenye None ndani yake maana yake upo.

Funguo kama id na name nazo hurudiwa ngazi kwa ngazi katika hati moja. Ipi itakuwa ya kwanza? Ile iliyotangulia kuandikwa na mtumaji, kwa kuwa kamusi za Python tangu toleo la 3.7 hutunza mpangilio wa kuingizwa. Lakini kiwango cha JSON chenyewe, RFC 8259 cha mwaka 2017, kinasema funguo hazina mpangilio. Mtumaji akizipanga upya kesho hajakosea lolote, na programu yako itatoa jibu jingine bila kulalamika.

Wapo watakaosema kukusanya yote kunapoteza muda. Hapana: kwa yield from, iliyopo tangu Python 3.3, majibu hutolewa moja moja, na anayetaka la kwanza huchukua hilo akaacha. Wengine wataogopa kikomo cha miito 1000 ambacho Python huweka. Hati za kawaida hazifiki huko. Zikitoka kwa usiyemwamini, tumia orodha yako mwenyewe kama rundo la kazi zilizobaki.

Pingamizi lenye uzito ni hili: muundo ukijulikana, kwa nini utafute? Nalikubali kabisa. Katika taarifa ya Daraja, Amount si ufunguo hata kidogo, bali ni thamani ya Name katika orodha iitwayo Item, hivyo anayetafuta ufunguo huo hatapata kitu hata akichimba hadi chini. Hapo isome hati na uende moja kwa moja. Na kama mfumo wako wa malipo tayari una funksheni ya kutafuta, ipe leo hati yenye 0, yenye null, na yenye ufunguo uleule mara mbili, uone inarudisha nini.