Adabu za Mgeni Mangweni

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hufundishwa darasani kama onyo kwa mgema. Ni nadra mwalimu kuuliza swali la pili: ni nani aliyemsifu mgema huyo, naye alitaka nini?

Swali hilo lamfaa msafiri avukaye Likoni kuelekea Diani na Msambweni. Huko Kwale, mbali na baa za hoteli za kitalii, ziko mangwe za mnazi. Aghalabu mangwe huwa uani kwa mtu, kwa hivyo anayeingia humo si mteja tu, bali ni mgeni wa wenyewe.

Mtihani wake wa kwanza ni wa lugha. Kwa Kidigo, kama kwa Kigiriama, kinywaji hicho huitwa uchi. Msemaji wa Kiswahili kutoka bara alisikiapo neno hilo huangua kicheko, asitambue kwamba amemcheka mwenyeji kwa kusema lugha ya mamaye.

Mtihani wa pili ni wa ujirani. Wadigo wengi ni Waislamu, na mwenye mangwe huishi kwa kustahamiliana na majirani ambao dini yao imeharamisha ulevi. Mgeni apigaye makelele, au apitaye mbele ya msikiti akipepesuka, huivuruga stahamala hiyo kwa saa moja. Kesho yeye yuko Nairobi; lawama humwangukia mwenyeji.

Hata ukarimu una mipaka. Amwagaye sifa na noti humzoeza mgema kumngojea mpita njia na kumsahau jirani anunuaye kila siku. Hapo ndipo maji yaingiapo katika tembo.

Ajabu ni kwamba wageni hao hao wazurupo Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ulio karibu na Diani, hujifunga kaniki na kumtii mwongozaji. Msitu huo ni mmojawapo wa kaya za Wamijikenda zilizotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Je, heshima ikome msituni, isiwafikie wenye msitu?

Mwalimu awapelekaye wanafunzi wake pwani hana haja ya kuwafikisha mangweni ili wajifunze haya. Yatosha wajue kupiga hodi, kuwaamkia wazee, kuomba idhini kabla ya kupiga picha, na kuaga mapema. Asiyekunywa akikaribishwa, na aseme “Ahsante, situmii,” bila kukunja uso. Mwenyeji hatavunjika moyo kwa kukataliwa kinywaji chake. Huvunjwa moyo na dharau.