Utiifu wa Damu katika The Godfather

Filamu ya The Godfather, iliyoongozwa na Francis Ford Coppola na kutolewa Marekani mwaka 1972, inatokana na riwaya ya Mario Puzo na inasimulia habari za akina Corleone, familia yenye asili ya Sicily inayoongoza kundi la mafia, yaani mtandao wa siri wa wahalifu, jijini New York. Michael, mmoja wa wana wa familia hiyo, ambaye awali hakutaka kujihusisha na uhalifu huo, anajitosa baada ya baba yake, Vito, kupigwa risasi, na kadiri anavyoilinda familia ndivyo anavyozidi kupoteza utu. Mgongano huo unadhihirika katika onyesho la ubatizo, ambapo anamkana Shetani kanisani akiwa msimamizi wa mpwa wake, huku mahasimu wake wakiuawa kwa amri yake.