Kuinua Gari kwa Nyanda Mbili

Mtu atokaye Buyenzi, mtaa ambao watu wake wamekisema Kiswahili nyumbani, sokoni na msikitini tangu zama ambazo mji wa Bujumbura ulikuwa ukiitwa Usumbura, akashika njia ya kuingia Zone Industrielle, eneo la viwanda la mji, mapema asubuhi, hupishana kwanza na malori yaliyokata zaidi ya kilomita 1,500 kutoka bandari ya Dar es Salaam, kisha huyaona maghala, na nyuma ya maghala, mahali ambapo vumbi limechanganyika na oili chafu hata ardhi imekuwa nyeusi na ngumu kama sakafu, huona magari yamepandishwa juu ya vigingi vya chuma na miguu ya mafundi imejitokeza chini yake. Hapo ndipo nilipoikuta, asubuhi moja ya masika, Toyota Land Cruiser Prado ya umbo lile lililoanza kutengenezwa mwaka 1996, imeegeshwa mahali palipo sawa, na mwenyewe, mtu wa makamo anayefanya kazi katika ghala la jirani, akimweleza fundi haja yake.

"Fundi, nataka lipande nusu shibiri," alisema.

Fundi hakujibu neno juu ya nusu shibiri. Aliuliza, "Mzee, siku za kazi gari hili hubeba nini?"

"Watoto watatu na mama yao. Jumamosi tukiteremka kutoka kwa wazee, na magunia mawili ya viazi."

Fundi akakunja ngumi, akaacha vidole viwili, akavilaza juu ya ukingo wa chuma unaofunika gurudumu. "Basi hivi vitakutosha."

Vidole viwili vilivyolazwa hivyo ndivyo wazee wa pwani walivyoviita nyanda mbili, na kwa hesabu ya siku hizi ni takriban milimita 40. Nimeandika makala haya kwa ajili ya swali lile la fundi, kwa sababu katika mazungumzo mengi niliyoyasikia juu ya kuinua magari, aghalabu watu huuliza gari linaweza kupandishwa kiasi gani, na ni wachache mno waulizao linabeba nini, linapita wapi, na nani ameketi ndani yake.

Haja yenyewe ni ya haki. Bujumbura imelala kandokando ya Ziwa Tanganyika, mita mia saba na kitu juu ya usawa wa bahari, na njia kuu ya kwenda bara, ile ya kupitia Bugarama, hupanda kwa kona zisizohesabika hata kuvuka mita 2,000 kabla mtu hajamaliza kusimulia kisa kimoja kirefu. Njia kuu ina lami, lakini nyumba za wazee wetu haziko juu ya lami. Ziko mwisho wa njia za udongo ambazo mvua huzichimba mifereji katikati, na mawe yaliyokuwa yamefunikwa mwaka jana mwaka huu yamefunuka. Na huku chini mambo si mepesi pia, kwani mwaka 2024 maji ya ziwa yalipopanda, sehemu za Gatumba na mitaa mingine ya pwani ya ziwa zilizama, na kila mwenye gari la chini alijua kiasi cha dhiki yake. Mtu akitamani kimo katika nchi ya namna hii, hatamani anasa.

Lakini ni lazima kufahamu kwanza ni kitu gani kinachoinuka, maana hapa ndipo wengi hudanganyika. Katika Prado hii magurudumu ya nyuma yameunganishwa na ekseli moja nzima, na katikati ya ekseli limekaa bonge la difu, ambalo ndilo kitu cha chini kabisa upande wa nyuma. Ukiweka springi ndefu zaidi, bodi na chasisi hupanda, ila ekseli na difu hubaki palepale vilipokuwa, kwa sababu vinakaa juu ya magurudumu na si juu ya springi. Jiwe lililokuwa likiligonga difu jana litaligonga na kesho. Kinachoweza kuinua ekseli ni tairi kubwa zaidi peke yake, na hata tairi hutoa nusu tu ya kile inachoongeza: kipenyo chake kikizidi kwa sentimita 4, ekseli hupanda sentimita 2. Upande wa mbele hali ni nyingine, kwani huko kila gurudumu limeshikwa na mikono yake ya chuma na difu ya mbele imefungwa katika chasisi, hivyo hupanda pamoja na gari. Basi faida ya kweli ya nyanda mbili ni kwamba pua ya gari haigusi mwanzo wa mwinuko, tumbo halikwami juu ya tuta, mkia hauburuzi wakati wa kutoka mferejini, na tairi kubwa kidogo hupata nafasi ya kuzunguka bila kusugua.

Fundi alichukua futi ya chuma akapima kutoka kitovu cha kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, magurudumu yote manne, akaandika kwa chaki juu ya kioo. Kazi hii ya dakika tano ilifunua jambo: upande wa nyuma ulikuwa umelala chini zaidi ya mbele, na kushoto kulikuwa chini kuliko kulia. Springi zilizobeba watu na viazi kwa zaidi ya miaka 20 zilikuwa zimechoka. Kwa hiyo sehemu ya kimo ambacho mwenyewe alikuwa akikitafuta ilikuwa ni kimo cha asili cha gari kilichopotea polepole, bila yeye kutambua, kama mtu anavyopoteza usikivu wa masikio. Ningependa kila mwenye gari kuukuu apime kabla ya kununua chochote.

Tabia ya springi iliandikwa na Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678: kadiri uzito unavyozidi ndivyo inavyobonyea, mzigo maradufu, mbonyeo maradufu. Kutokana na kanuni hiyo zipo njia mbili za kuinua gari. Ya kwanza ni kuingiza bamba la kuongezea kimo juu ya springi iliyopo. Ni rahisi kwa bei, na ulaini wa springi haubadiliki, lakini shokamzoba, ambayo urefu wake ni uleule, sasa husimama ikiwa imekwisha kuvutika, na gurudumu linaposhuka katika shimo, hufika ukomo wake mapema na kugonga. Njia ya pili ni springi mpya pamoja na shokamzoba zake zenye urefu unaowiana nazo. Hapo ndipo swali la viazi linapotimiza kazi yake, kwa sababu springi zimetengenezwa kwa daraja za uzito, na aliyechagua springi za kubeba mizigo mizito kila siku, kisha akapakia watoto watatu tu, atakuwa amenunua gari linalorukaruka juu ya kila kokoto, lisiloshika barabara, na litakalowaumiza migongo watu aliokusudia kuwastarehesha. Fundi alichagua za wastani.

Shokamzoba zenyewe watu hudhani ndizo zinazobeba gari, na sivyo. Kubeba ni kazi ya springi; shokamzoba huituliza springi isiendelee kucheza baada ya tuta kupita. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupenya katika matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Ukitembea saa nzima juu ya barabara yenye makunyanzi, kisha ukashuka ukaigusa, utaondoa mkono upesi.

Kuhusu mbele nitasema machache, ila ni ya kutahadhari. Bodi ikipanda, mikono ya gurudumu huinama, na zile shafti mbili fupi zipelekazo nguvu kwenye magurudumu ya mbele hulazimika kufanya kazi zimepinda zaidi. Katika nyanda mbili viungo vyake huvumilia; katika nusu shibiri, bila kubadilisha vitu vingine vingi vya gharama, mpira unaohifadhi grisi hupasuka, mchanga huingia, na kiungo hufa. Na hata kwa nyanda mbili magurudumu hayabaki yakielekea sawasawa kama zamani, ndiyo maana gari lililoinuliwa halina budi kupelekwa siku hiyohiyo kwa kipimo kile ambacho mafundi wa hapa, waliorithi istilahi zao kwa Kifaransa, hukiita paralelismu. Asiyefanya hivyo atalipa kwa matairi.

Jambo lililonifanya nimheshimu fundi yule, hata hivyo, si springi wala shokamzoba bali mambo matatu madogo ambayo angeweza kuyaacha, na mwenye gari asingejua mpaka baada ya miezi.

La kwanza ni bushi. Mikono ya ekseli imefungwa katika chasisi kwa bolti zinazopita katikati ya bushi za mpira, na mpira huo haukuumbwa kuzunguka. Umeshikana na chuma ndani na nje, nao hufanya kazi kwa kujipinda kidogo na kurudi. Fundi mwenye haraka huzikaza bolti gari likiwa juu ya vigingi, magurudumu yananing'inia. Kisha akiliteremsha, kila bushi hubaki imesokotwa usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa, na baada ya muda mfupi mpira huchanika. Huyu alizishika bolti kwa mkono tu, akalishusha gari juu ya magurudumu yake, akalitikisa mara kadhaa likae, ndipo akaingia tena chini, mahali finyu, akazikaza. Ilimgharimu nusu saa na mgongo.

La pili ni breki. Magari mengi ya zamani ya namna hii yana vali upande wa nyuma, iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo, ambayo hupima umbali kati ya bodi na ekseli ili ijue kama gari limebeba mzigo: bodi ikiwa chini, gari ni zito, hivyo breki za nyuma hupewa nguvu zaidi, bodi ikiwa juu, gari ni tupu, na nguvu hupunguzwa magurudumu yasije yakafunga na kuteleza. Ukiinua gari, vali huamini kwamba ni tupu daima. Mwenyewe atapakia viazi na familia, ashuke Bugarama, na breki za nyuma zitafanya kazi nusu nusu bila dalili yoyote ya ubovu. Dawa yake ni kukisogeza kishikizo cha fimbo kwa kadiri ya kimo kilichoongezwa, kazi ya spana mbili. Hapo hapo fundi alivuta mipira ya breki kuona kama gurudumu likishuka hadi mwisho haitavutika kupita kiasi.

Nimeitaja Bugarama kwa kusudi. Kila aliyeshuka njia ile amewaona waendesha baiskeli waliopakia mikungu ya ndizi, wanaoteremka kwa kasi ya magari, na wenzao wanaopanda wameshikilia nyuma ya malori. Ghafla mmoja hutokea kwenye kona, nawe huna ila kukata usukani. Manahodha wa majahazi hutia farumi chini kabisa ya ngama kwa sababu chombo chenye uzito juu hulala ubavu kwa wimbi dogo, na gari lina sheria hiyohiyo: kila wanda unaouongeza huupandisha uzito wote wa bodi, injini na abiria. Nyanda mbili humfanya dereva apunguze mwendo kidogo konani. Nusu shibiri, katika gari linalopeleka watoto shule, siwezi kuitetea, ijapokuwa nimeyaona magari ya namna hiyo yakipendeza macho. Hata petroli, ambayo watu wa Bujumbura wameipangia foleni ndefu miaka ya karibuni, huliwa zaidi na gari lililosimama juu likipambana na upepo.

Jambo la tatu lilisubiri jua lizame nyuma ya milima ya Kongo. Prado hii, kama nyingi za hapa, ililetwa kutoka Japani, ambako magari hupita kushoto, na taa zake zimeumbwa kuinua mwanga kidogo upande wa kushoto ili kuangaza ukingo wa barabara. Burundi hupita kulia. Hivyo mwanga ule, badala ya kuangukia majani ya kando, huangukia macho ya anayekuja mbele, na gari likiisha kuinuliwa, udhia huo huzidi. Kuzigeuza kabisa hakuwezekani bila kubadili taa zenyewe, lakini kuziinamisha kunawezekana.

Chaki juu ya kioo sasa ilionyesha ongezeko la milimita 42 mbele na 45 nyuma, na fundi alikuwa amekwisha kumwagiza mwenyewe arudi baada ya kilomita 1,000 ili kila bolti ikazwe tena na vipimo virudiwe, kwani springi mpya hukaa kidogo zikizoea mzigo. Kisha aliliegesha gari likitazama ukuta wa ghala, akawasha taa, akamwomba mwenyewe aketi katika kiti cha dereva ili uzito wake uwepo. Alipiga mstari wa chaki ukutani, akachukua bisibisi, akaanza kuzungusha kwa robo robo, na ile miduara miwili ya mwanga ikawa inateremka polepole juu ya matofali hata ikatua chini ya mstari.

"Inatosha, Fundi?" mwenyewe aliuliza kutoka ndani.

"Bado ya kushoto, Mzee. Kaa hapo hapo."