Ruta ya dukani nayo ina kufuli lake

MWALONI Kirumba, jijini Mwanza, dagaa wa Ziwa Victoria huuzwa kwa magunia kwa wafanyabiashara wanaotoka hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Siku hizi bei na oda hupita kwenye simu, na mwenye ofisi au stoo kubwa huenda amefungiwa ruta, kile kisanduku chenye taa kinachogawa intaneti. Kufuli la stoo hukaguliwa kila jioni. Ruta haina wa kuikagua.

Ruta ni kompyuta ndogo, na ina programu ambayo fundi huitumia kuipangia kazi, hata akiwa mbali. Hapo ndipo wezi nao hupita. Mwaka 2018 ilibainika kasoro katika ruta za MikroTik, kampuni ya Latvia ambayo vifaa vyake hupendwa na watoa huduma wadogo kwa unafuu wa bei. Kupitia mlango wa Winbox, programu ya kuziendeshea, mtu wa nje aliweza kusoma faili lenye majina na maneno ya siri bila kuulizwa kitu. Kampuni ilitoa marekebisho Aprili mwaka huo. Hata hivyo, ilipofika Agosti, ruta zaidi ya 170,000, nyingi zikiwa Brazil, zilikutwa zimegeuzwa. Kompyuta za waliozitumia zilikuwa zikiwachimbia wezi sarafu za kidijitali, huku umeme ukilipwa na wenye kompyuta. Dawa ilikuwepo kwa zaidi ya miezi mitatu, ila wenye ruta hizo hawakuiweka.

Muuza dagaa anapoteza nini? Malipo ya *150*00# hayapiti kwenye ruta, hupita kwenye mtandao wa simu. Kinachopita ni barua pepe, ankara, kurasa za benki, pengine na kamera za stoo. Aliyeiteka ruta anaweza kumpeleka mtu kwenye ukurasa bandia wa benki. Mara nyingi kompyuta hutoa onyo, na wengi hubonyeza kuendelea.

Kiini cha tatizo ni hesabu. Fundi hulipwa mara moja, kwa kufunga. Kutunza hakuna anayekulipia. Afadhali makubaliano yataje kwamba neno la siri la kiwandani litabadilishwa siku hiyo hiyo, mlango wa kuingilia kutoka nje utafungwa kama hauna kazi, na fundi atarudi kila baada ya miezi kadhaa kuweka marekebisho. Ruta ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea marekebisho inunuliwe nyingine, hata kama taa zote bado zinawaka.