Kocha Aliyehama na Wachezaji Wake 13

Mwaka 2023 timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Indiana ilishinda mechi 3 kati ya 12. Msimu uliofuata ilishinda 11 na kupoteza 2. Chuo hicho kinacheza mchezo huu tangu karne ya 19, na hakikuwahi kabla ya hapo kufikisha ushindi wa mechi 10 kwa msimu.

Kocha mkuu mpya, Curt Cignetti, alikuwa na miaka 62 alipoajiriwa Novemba 2023. Aliwahi kuwa msaidizi wa kocha maarufu Nick Saban kwenye Chuo Kikuu cha Alabama, kisha akaongoza timu za vyuo vidogo, cha mwisho kikiwa James Madison cha Virginia, kilichopanda daraja la juu mwaka 2022 tu. Wengi wanamsifu kwa kujiamini kwake. Mimi naona siri iko kwenye msafara aliokuja nao: wasaidizi wake wakuu, Mike Shanahan wa mashambulizi na Bryant Haines wa ulinzi, pamoja na wachezaji 13 kutoka James Madison.

Uzito wa jambo hili unaonekana ukijua mchezo wenyewe. Futiboli hii husimama kila baada ya sekunde chache, kocha akatangaza mpango, na kila mmoja wa wachezaji 11 akatakiwa kujua hatua yake kabla mpira haujaguswa. Mmoja akikosea, mpango mzima umevunjika. Kwa kawaida kocha mgeni hutumia msimu wa kwanza kufundisha hayo tu. Cignetti alikuja na walimu tayari ndani ya kikosi: Aiden Fisher aliyepanga ulinzi uwanjani na Mikail Kamara aliyewakimbiza warushaji wa mpira (quarterback) wa wapinzani walikuwa wameshaishi na mipango hiyo Virginia.

Zamani isingewezekana. Mchezaji aliyehama chuo alilazimika kukaa nje mwaka mzima. Sharti hilo lililegezwa mwaka 2021, na mwaka 2024 mwanafunzi anayefaulu masomo akaruhusiwa kuhama bila kikomo. Ndivyo alivyopatikana pia mrushaji mkuu, Kurtis Rourke, Mkanada kutoka Chuo Kikuu cha Ohio, aliyecheza msimu huo akiwa na kano ya goti iliyochanika. Habari hiyo ilijulikana baada ya msimu, na bado inanishangaza.

Matokeo yakaonekana uwanjani. Nebraska walifungwa 56–7. Michigan, mabingwa wa msimu uliotangulia, walilala 20–15. Watani wa jadi, Purdue, walipigwa 66–0.

Waliosema Indiana ilipangiwa wapinzani dhaifu walikuwa na hoja, lakini hawakuimaliza. Vipigo vyake viwili vilitoka kwa Ohio State, 38–15, na Notre Dame, 27–17 kwenye raundi ya kwanza ya mtoano wa ubingwa wa taifa wa timu 12 uliochezwa kwa mara ya kwanza mwaka huo. Timu hizo mbili ndizo zilizokutana fainali Januari 2025.

Swali la haki ni kuhusu waliobaki. James Madison walipoteza kocha, benchi la ufundi na uti wa mgongo wa kikosi kwa mkupuo mmoja. Wakamchukua Bob Chesney kutoka Holy Cross, chuo kidogo zaidi, wakajenga upya, na msimu huohuo wa 2024 wakashinda mechi 9.