Hazina ya Serikali na Chungu cha Maskini

Mwenye nyumba akipata haba hupunguza matumizi yake. Serikali nayo ina hesabu ya mapato na matumizi, ambayo huitwa bajeti. Maneno yetu ya leo yahusu bajeti za Marekani, na jinsi zinavyofika hata chunguni mwa mtu maskini.

Nchi ile ina majimbo 50. Kila jimbo lina serikali yake na hazina yake. Na juu ya yote iko Serikali Kuu mjini Washington. Hazina hizi hazifanani. Kodi zikipungua, Serikali Kuu yaweza kukopa. Lakini karibu majimbo yote yamefungwa na sheria zao wenyewe, kwamba matumizi yasipite mapato.

Sasa tutazame msaada wa chakula uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1964, nao tangu mwaka 2008 huitwa SNAP. Zamani watu walipewa vyeti; siku hizi hupewa kadi ya kununulia chakula dukani, wala sabuni au dawa hainunuliwi kwa kadi hiyo. Kwa miaka mingi Serikali Kuu ililipa gharama yote ya chakula, na gharama za ofisi iligawana na majimbo nusu kwa nusu.

Faida ya mpango huo ilionekana wakati wa msukosuko wa fedha wa mwaka 2008. Mwaka 2007 waliosaidiwa walikuwa watu milioni 26 hivi. Kufika mwaka 2013 walipita milioni 47. Kazi zilipotea na kodi za majimbo zikapungua, lakini kadi ziliendelea kujazwa, kwa sababu mlipaji alikuwa yule awezaye kukopa.

Tarehe 4 Julai 2025 ilitiwa sahihi sheria ya kugeuza jambo hili. Iliagiza kwamba tangu Oktoba 2026 majimbo yabebe robo tatu ya gharama za ofisi; na tangu Oktoba 2027, jimbo ambalo makosa yake ya malipo yafikia 6 katika 100 au zaidi lilipe sehemu ya chakula chenyewe, kuanzia 5 hata 15 katika 100. Watetezi wake husema kwamba mwenye kulipa ndiye atakayejihadhari na makosa. Neno hilo lina maana. Lakini si kila kosa ni wizi: hesabu hiyo hutia pia makosa ya makarani, na hata malipo yaliyopungua haki ya mtu.

Basi tuseme viwanda vimefungwa. Mama mwenye watoto watatu aenda kuomba kadi, na wakati uleule hazina ya jimbo imepungukiwa. Jimbo litaongeza kodi, au litapunguza fedha za shule, au litazidisha masharti ya kupata msaada. Wahenga walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo ulioshushwa Washington una uzito uleule begani mwa jimbo. Na jimbo likishindwa, mama yule ndiye atakayeubeba.